Mahali pa Mvutaji katika Jengo Linalopumua kwa Madirisha

Jengo la kijani, kwa maana iliyozoeleka miongoni mwa wasanifu na wahandisi, ni jengo lililobuniwa na kuendeshwa ili litumie nishati, maji na malighafi kwa uangalifu, na papo hapo liwakinge wanaolitumia na hewa chafu, joto lililozidi na mwanga hafifu. Sifa hizo hazithibitishwi kwa kauli ya mwenye jengo peke yake, bali hupimwa na chombo cha nje ambacho hutoa cheti baada ya kukagua michoro, vipimo na taratibu za uendeshaji. Vyeti vya aina hiyo hupatikana zaidi katika majengo ya biashara ya miji mikubwa kama Nairobi, Kigali na Dar es Salaam kuliko katika miji ya wilaya, na kwa hiyo ni haki kuuliza masharti yake yana kazi gani Kibondo au Kasulu, katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, ambako ofisi nyingi ni za tofali za kuchoma na bati, na kiyoyozi, kikiwapo, huwa katika chumba cha mkuu wa ofisi. Sharti moja kati ya hayo, ambalo wasanifu wengi hulipita haraka, ni lile linalohusu mahali pa kuvutia sigara, na sharti hilo lina uzito mkubwa zaidi Kasulu kuliko katika ghorofa la vioo la Nairobi, kwa sababu jengo la Kasulu hupumua kwa madirisha.

Mifumo ya vyeti haifanani katika jambo hili. EDGE, mfumo ulioanzishwa na Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya nchi zinazoendelea, hudai punguzo la angalau asilimia 20 katika nishati, katika maji, na katika nishati au kaboni inayotokana na utengenezaji wa vifaa vya ujenzi, na mvutaji wa sigara hayumo katika hesabu hizo. LEED, mfumo wa Baraza la Majengo ya Kijani la Marekani uliojaribiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1998, ulimweka mvutaji miongoni mwa masharti ya lazima, yaani yale ambayo jengo lisipoyatimiza halipati cheti hata likikusanya alama nyingi kiasi gani kwingineko. Matoleo yake ya awali yalitoa njia mbili: ama kupiga marufuku uvutaji ndani ya jengo, ama kujenga chumba maalumu cha wavutaji ambacho hewa yake hutolewa moja kwa moja hadi nje, kuta zake zikianzia sakafuni na kufika kwenye zege la juu bila kuacha mwanya, na shinikizo la hewa ndani yake likiwa chini kuliko la vyumba vya jirani kwa wastani wa Paskali 5.

Paskali ni kipimo cha msukumo wa hewa juu ya eneo, na ili udogo wa Paskali 5 ueleweke, inafaa kukumbuka kwamba hewa ya kawaida kwenye usawa wa bahari hukandamiza kila kitu kwa takriban Paskali 101,000. Tofauti ya Paskali 5 inatosha kuifanya hewa ielekee ndani ya chumba cha wavutaji badala ya kutoka humo, lakini ni tofauti inayopotea mara tu mlango unapofunguliwa, feni inapozimika au upepo unapogonga ukuta wa nje kwa nguvu. Udhaifu huo ulijulikana mapema. Mwaka 2005 chama cha kitaaluma cha wahandisi wa joto na ubaridi cha Marekani, ASHRAE, kilitamka kwamba hakuna mtambo wa kupitisha hewa unaoweza kuondoa madhara ya moshi wa tumbaku ndani ya jengo, na kwamba dawa pekee ni kutokuvuta ndani. Toleo la nne la LEED, lililotoka mwaka 2013, liliiondoa njia ya chumba maalumu kwa majengo yasiyo ya makazi, likabakiza marufuku ya ndani pamoja na eneo la nje lililo umbali wa angalau mita 7.5 kutoka kila mlango, kila dirisha linalofunguka na kila tundu linaloingiza hewa.

Sheria za nchi zimesafiri katika njia hiyohiyo kwa mwendo usiolingana. Bunge la Tanzania lilitunga sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku mwaka 2003, miaka minne kabla nchi haijaridhia, tarehe 30 Aprili 2007, mkataba wa Shirika la Afya Duniani kuhusu udhibiti wa tumbaku. Miezi michache baada ya hapo, katika mkutano uliofanyika Bangkok, nchi wanachama zilipitisha mwongozo wa kifungu cha 8 cha mkataba huo, na mwongozo ukasema wazi kwamba hakuna kiwango salama cha moshi wa tumbaku na kwamba vyumba vilivyotengwa, viwe na mitambo au visiwe nayo, haviwakingi watu. Sheria ya 2003 ni zao la fikra zilizotangulia mwongozo huo: inazuia uvutaji katika sehemu za umma inazozitaja, lakini inampa msimamizi wa sehemu kadhaa kati ya hizo nafasi ya kutenga eneo la wavutaji. Uganda, iliyochelewa kutunga sheria yake hadi mwaka 2015, ilipata faida ya kuchelewa, ikaweka marufuku inayofika mita 50 kutoka sehemu ya umma. Kwa hiyo msimamizi wa jengo Kasulu anaweza kutimiza sheria ya nchi yake na bado akawa na jengo ambalo mkaguzi wa cheti angelikataa kwa kulitazama mara moja.

Sababu ya kulikataa inaonekana mtu akifuata njia ya moshi ndani ya jengo la kawaida la wilaya. Kuta za tofali za kuchoma zinazogawa vyumba mara nyingi huishia kwenye usawa wa siling bodi au juu yake kidogo, na kutoka hapo hadi kwenye bati kuna nafasi moja isiyogawanywa, inayoanzia pembe moja ya jengo hadi nyingine. Siling bodi zina nyufa kwenye maungio, na zina matundu pale nyaya za taa zinapopita. Moshi wa sigara hutoka ukiwa moto kuliko hewa inayouzunguka, hivyo hupanda, hujikusanya chini ya siling, hupenya kwenye nyufa, na ukishafika darini huwa hauna tena chumba maalumu: hushuka katika chumba chochote ambacho madirisha yake yanavutwa na upepo. Chumba kilichobandikwa kibao cha wavutaji mwishoni mwa jengo kama hilo, kikiwa na dirisha lake na mlango wake, kimetengwa kwa macho tu. Sharti la zamani la kuta zinazofika hadi juu lilikuwa jibu la tatizo hili, lakini kulitimiza katika jengo lililokwisha kuezekwa maana yake ni kupanda darini na kujenga upya, gharama ambayo hakuna halmashauri yenye busara itakayoiingiza katika bajeti kwa ajili ya wavutaji.

Feni ya kutoa moshi nayo ina historia yake katika wilaya hizi. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2020 umeme wa TANESCO Kibondo na Kasulu ulitoka kwenye majenereta ya dizeli yaliyosimama peke yake nje ya gridi ya taifa, na watumiaji walizoea kupanga kazi zao kulingana na saa za umeme. Gridi imefika na hali imebadilika sana, lakini kukatika kwa umeme hakujakoma, na chumba cha wavutaji kinachotegemea feni hugeuka kuwa kisima cha moshi katika kila dakika ambayo feni imesimama. Ghorofa la jiji lenye jenereta linalowaka lenyewe linaweza kubishana na hoja hii. Kituo cha afya au ofisi ya kata haviwezi.

Hivyo mvutaji hutoka nje, na hapo ndipo kosa la pili hufanyika, kosa ambalo ni gumu kulisahihisha kwa sababu limefungamana na adabu ya mahali. Akitoka nje, mtu hasimami juani wala mvuani. Husimama barazani, chini ya upenu, pale penye benchi na kivuli. Baraza katika jengo la namna hii huonekana kuwa nje, lakini kwa hesabu ya hewa ni sehemu ya ndani. Upepo unapogonga upande mmoja wa jengo hujenga shinikizo upande huo na kuacha mvuto upande wa pili, na hewa huingia kwa madirisha ya mbele na kutokea ya nyuma. Huo ndio mzunguko mtambuko ambao wasanifu huutafuta na ambao humwezesha mtumishi kufanya kazi saa nane mchana bila pangaboi. Mvutaji aliyesimama upande upepo unakotokea huuingiza moshi wake moja kwa moja kwenye mzunguko huo. Aliyesimama upande wa pili hayuko salama zaidi, kwa maana nyuma ya jengo hewa hujizungusha na kurudi kwenye ukuta, na ukingo wa bati huuzuia moshi usipande. Vipimo vilivyofanywa California na kuchapishwa mwaka 2007 vilionyesha kwamba katika nafasi ya wazi moshi wa sigara moja hupungua upesi sana, kiasi kwamba mita mbili tu kutoka kwa mvutaji hewa hukaribia kuwa ya kawaida, lakini karibu naye kabisa huweza kulingana na hewa ya chumba chenye mvutaji. Dirisha lililo nusu mita nyuma ya benchi la barazani ni sawa na mtu aliyekaa ubavuni mwa mvutaji.

Mita 7.5 za LEED, kwa hiyo, si nambari ya kubahatisha, ingawa haifai kuchukuliwa kama msahafu. Kibondo na Kasulu ziko mamia ya mita juu ya Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, na nchi ya huko ni ya vilima na mabonde. Mchana jua huipasha joto miteremko ya vilima na hewa huipanda. Usiku hewa iliyopoa huwa nzito, hushuka na kutuama bondeni. Katika miezi ya Juni na Julai, asubuhi mapema, tabaka la hewa baridi huwa limelala chini na moshi wa meko ya mji mzima huonekana ukitanda kwenye usawa wa paa bila kupanda. Eneo la wavutaji lililowekwa upande wa juu wa mteremko litashusha moshi wake kwenye madirisha ya zamu ya usiku, hata kama lipo umbali wa mita kumi. Katika uwanja ulio na mteremko, kwa jengo lenye zamu ya usiku upande wa chini ndio bora, na msimu wa kiangazi, upepo wa kusini-mashariki unapotawala, pembe ya kaskazini-magharibi ya kiwanja hufaa zaidi kuliko nyingine. Ua wa katikati uliozungukwa na vyumba pande zote, ambao wapangaji wengi huudhani kuwa mahali pazuri kwa sababu uko wazi juu, ndio mbaya kuliko yote, kwa kuwa kila dirisha la jengo hutazama huko. Kuhusu mita 50 za Uganda, nia yake haina ubaya, lakini kwenye viwanja vya katikati ya mji wa Kasulu umbali huo humpeleka mvutaji kwenye dirisha la jirani.

Mvua nayo ina sauti yake. Katika nyanda hizi hunyesha kuanzia Oktoba hadi Mei, na mahali pa wavutaji pasipo na paa hudumu hadi mvua ya kwanza tu, kisha kila mtu hurudi barazani na kibao hubaki peke yake kikilowa. Kibanda kinachofaa ni paa la bati juu ya nguzo, bila ukuta au chenye ukuta mmoja usiozidi kiuno, kikiwa na njia ya changarawe ya kukifikia, kwa maana mtu aliyevaa viatu vya ofisi hatavuka tope jekundu la Kasulu kwa ajili ya kutii tangazo. Kibanda hicho ndicho sehemu ya mradi inayohitaji fedha, na ni fedha kidogo.

Baadhi ya majengo ya wilaya hizi yamekuwa chini ya masharti makali kwa miaka mingi bila cheti chochote cha kijani. Kasulu na Kibondo zimepokea wakimbizi wa Burundi na Kongo kwa makundi makubwa tangu miaka ya 1990. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, na Nduta ilifunguliwa upya mwaka 2015 Warundi walipokimbia tena. Kazi ya kuwapokea wakimbizi hao ilileta ofisi za Umoja wa Mataifa na za mashirika mengi. Mwaka 2008 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 63/8, lilipendekeza marufuku kamili ya uvutaji katika majengo yote ya Umoja huo, yakiwemo ya ofisi za kanda na za nchi, pamoja na kukoma kuuza tumbaku ndani yake. Kwa hiyo katika mji mmoja kuna majengo yaliyojengwa kwa tofali zilezile na bati lilelile, mengine yakifuata azimio lililopitishwa New York na mengine yakifuata sheria ya 2003, na mtumishi anayehama kutoka jengo moja kwenda jingine hubadilisha tabia yake bila kubadilisha mji. Hilo linatosha kuonyesha kwamba kikwazo hakiko katika matofali.

Kikwazo kiko kwa kiasi fulani katika uchumi. Kigoma ni miongoni mwa mikoa inayolima tumbaku, na mashamba ya Kasulu na Kibondo huuza jani lake kupitia vyama vya msingi vya ushirika. Halmashauri hupata ushuru wa mazao ya biashara, ambao tangu mwaka 2017 ni asilimia 3 ya thamani, na ofisi inayoupokea ushuru huo ndiyo inayotarajiwa kubandika tangazo la kukataza sigara kwenye mlango wake. Hakuna unafiki wa lazima katika hali hiyo, kwa kuwa mkulima wa tumbaku hahitaji jirani yake avutie ndani ili jani lake lipate soko, na sehemu kubwa ya tumbaku ya Tanzania husafirishwa nje. Kinachostahili kusemwa, hata hivyo, ni kwamba tumbaku ya mvuke hukaushwa katika mabani, yaani mabanda ya kukaushia, kwa joto la kuni, na miti inayokatwa kwa ajili hiyo katika misitu ya miombo ni mzigo wa mazingira uliozidi kwa mbali chochote ambacho kibanda cha wavutaji kinaweza kuokoa. Cheti cha jengo hakilioni bani, kwa sababu mipaka yake huishia kwenye uzio wa kiwanja.

Pingamizi zito zaidi linatoka jikoni. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, inayotokana hasa na kupikia kuni, mkaa na vinyesi vya mifugo, iliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, huku moshi wa tumbaku wa watu wengine ukihesabiwa kuua zaidi ya milioni moja kwa mwaka. Mama anayepikia kuni katika jiko lisilo na bomba Kibondo anaweza kuona kichekesho katika mjadala wa mita 7.5. Pingamizi hilo ni la kweli kuhusu nyumba, lakini halihusu wodi, darasa wala ukumbi wa kusubiria, ambako hakuna anayepika, na ambako mgonjwa wa kifua hakuchagua aketi karibu na nani. Zaidi ya hapo, kanuni iliyoelezwa hapa kuhusu upenu, dari na mteremko ndiyo kanuni ya kuweka jiko la kantini, jenereta na shimo la kuchomea taka, na msimamizi akishajifunza kuifuata kwa sigara atajua pa kuweka vingine.

Usimamizi wa kila siku ndio unaoshinda au kushindwa, na kwa kawaida huachiwa mlinzi wa getini. Mpango huo una kasoro ya wazi: mlinzi, ambaye ni wa chini kabisa katika ofisi, hana namna ya kumwambia mkuu wa idara azime sigara, na akiwa zamu ya usiku, baridi ikimpata, huenda yeye mwenyewe ndiye mvutaji. Wajibu huo ni wa ofisa utumishi au wa katibu wa afya wa hospitali, mtu ambaye neno lake huandikwa. Tangazo nalo liwe la Kiswahili, liwe mlangoni, na lionyeshe pa kwenda, si pa kukatazwa tu. Wala lisitaje sigara peke yake. Wazee wa Buha, kama nchi hii inavyoitwa kwa jadi, wanaotoka vijijini huja na kiko, na wengine huvuta msokoto wa jani la shambani uliofungwa kwa karatasi ya daftari. Tangazo linalotaja sigara huwaacha hao wakiamini, kwa haki kabisa, kwamba haliwahusu. Kijana naye, kwa kuwa havuti mbele ya mkubwa wake, hatakwenda kwenye kibanda anachokalia mwalimu au mjomba, na ataishia nyuma ya choo au kando ya stoo. Mahali penye mafichoni kama hayo panahitaji kutazamwa kuliko kibanda chenyewe, hasa penye mapipa ya dizeli ya jenereta au mitungi ya gesi ya kantini.

Moto ni hofu ya kiangazi. Kuanzia Juni hadi Septemba nyasi za kando ya viwanja huwa zimekauka, na kipisi kilichotupwa juu ya uzio huhitaji upepo mdogo tu. Ndoo ya chuma yenye mchanga, iliyofungiwa kwenye nguzo ya kibanda ili isibebwe, pamoja na ukanda wa ardhi iliyofyekwa kukizunguka, hutosha. Msimu wa mvua vipisi hivyo huwa na njia nyingine. Kichungi cha sigara hutengenezwa kwa selulosi asetati, aina ya plastiki isiyooza upesi, na utafiti wa maabara uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta kwamba takriban kipisi kimoja katika lita moja ya maji kinatosha kuua nusu ya samaki waliomo. Mitaro ya Kasulu na Kibondo humwaga maji kwenye vijito vinavyoingia katika bonde la Mto Malagarasi, na ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, yenye ukubwa wa takriban hekta milioni 3.25, ndiyo iliyokuwa ya kwanza ya Tanzania kuorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000. Mchanga wa ndoo hiyo ukichekechwa kila wiki, vipisi huchukuliwa pamoja na taka kavu, na mchanga hurudishwa ndooni.